Unyenyekevu niliousema kwa mdomo miaka yote, na nilivyoanza kujijua mbele za Mungu

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kuna mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake wakatoliki Tanzania) aliniuliza juzi kwanini nimebadilika namna ya kusali, zamani nikisimama kuomba kwenye jumuiya, kile kikundi cha sala cha wakatoliki majirani, sauti inafika barabarani na watu wanachoka magoti, saivi naomba kidogo nakaa. Nikamwambia ni stori ndefu. Nimeona niiandike yote kwasababu najua wengi wako pale nilipokuwa mimi, wanasali, wanafunga, wanakesha, na ndani wamechoka na hawajui wamuulize nani. Na wengine wakishaanza kujichunguza wanaangukia shimo la pili, ambalo kwangu lilikuwa baya kuliko la kwanza. Hilo la pili ntalieleza kwa kirefu maana sikuwahi kusikia mtu analisema.

Mimi nafanya biashara ya dagaa. Nanunua mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, huko Igombe, mara nyingine Kayenze, kando ya Ziwa Victoria Mwanza, naanika hukohuko, halafu magunia yanakuja soko la Mwaloni Kirumba ambako wanunuzi wanatoka mpaka Congo na Rwanda. Ni mkatoliki wa kuzaliwa, na kwa miaka mingi jumuiya yetu ilikuwa inaniita mama wa sala. Mtu akiuguliwa ananipigia mimi, msiba ukitokea naongoza rozari mimi, mtoto akifanya mtihani mama yake ananitafuta mimi. Sisemi hivi kujisifu, nasema ili mjue nilikuwa nimesimama wapi.

Unyenyekevu nilioujua ulikuwa ni maneno. Nikianza kuomba lazima nitangulize Bwana mimi ni mavumbi, mimi si kitu, mimi mjakazi wako nisiyefaa. Mtu akinisifu, haraka sana nasema aa mimi si kitu ni Mungu tu. Siku moja baada ya sala ya jumuiya mzee mmoja tunayemheshimu akasema kwa upole kabisa, jamani sala zetu zinakuwa ndefu, watoto wanasinzia na kuna watu wanaamka alfajiri kwenda ziwani, tupunguze kidogo. Hakunitaja jina. Wapendwa, usiku ule sikulala. Nilipanga majibu mpaka jogoo wakawika, nikamkumbukia na mambo yake ya zamani ambayo hayanihusu, nikajiambia huyu ndo anayeifanya jumuiya ilegee. Na saa chache nyuma nilikuwa nimetangaza mbele ya watu wote kwamba mimi ni mavumbi, ametokea mtu mmoja anasema kitu kidogo sana kinachokaribiana na hicho, nikawaka moto.

Hiki ndicho kipimo ninachowapa kwanza, na hakina gharama. Chukua maneno yale unayomwambia Mungu juu yako mwenyewe, mimi mdhaifu, mimi mkosefu, halafu fikiria jirani yako anakuambia hayohayo usoni, tena kwa sauti ya kawaida. Kinachoinuka kifuani wakati huo ndo hali yako halisi. Mimi kipimo hicho nilifeli na sikukielewa kwa muda mrefu, nilimwona yule mzee ndo mwenye shida.

Baada ya hapo sala ikakauka. Sijui niseme vipi, maneno yalikuwepo ila nilikuwa naongea na dari. Na nilichofanya ndicho wengi wetu tunafanya, nikaongeza dozi. Mikesha ikaongezeka, nikafunga kavu siku mfululizo huku nashinda juani mwaloni, nikawa nahama huku na huko kila panaposikika pana maombi makali, kila mahali natoa sadaka. Nikaishia na vidonda vya tumbo. Hela ya dawa, hela ya nauli, hela niliyopoteza kwa kutokusimamia mzigo, kwa kweli ule mwaka biashara iliyumba na mume wangu alivumilia mengi. Kama una vidonda vya tumbo au sukari tafadhali usifunge kwa kushindana, muulize daktari kwanza. Mungu hakukuomba tumbo lako.

Aliyenisaidia ni sista mmoja mzee ambaye nilikuwa nampelekea dagaa za jikoni kwao. Siku hiyo akanikuta nimeinamia ndoo nimeshika tumbo akaniuliza, "Mama, sala inaendaje?" Nikaanza kumweleza, namwombea fulani mume wake arudi, namwombea fulani mtoto, naombea jumuiya iamke, naombea parokia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hao wote umewaleta kwa Bwana. Wewe mwenyewe umeshawahi kufika?"

Sikuwa na jibu. Akanishauri mafungo ya ukimya, yaani kwenda kukaa siku kadhaa kwenye nyumba ya sala bila kuongea na watu, sio kufunga kula. Nikamwambia Sista mimi mfanyabiashara, nikikaa ndani siku zote hizo nani atanisimamia mzigo? Akasema nenda wakati wa mbalamwezi. Sikuamini kama sista anajua mambo ya ziwa. Wasiojua ni kwamba dagaa zinavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai saivi wengi taa za sola na betri, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa kwahiyo wavuvi wengi wanapumzika, na sisi wanunuzi tunapumzika. Kwahiyo wenzangu wa mwaloni, kama unataka kufanya mafungo, siku za mwezi mpevu ndo zako, hupotezi kitu.

Nikaenda. Simu tunaacha mapokezi. Siku ya kwanza kichwani mwangu kulikuwa na madeni ya watu tu, nani hajanilipa magunia mangapi, nikadhani nimekuja kupoteza muda. Usiogope hali hiyo, Sista alisema karibu kila mtu anaanza hivyo, kelele ulizokuja nazo lazima zimalize kuongea.

Halafu akanipa Luka sura ya 5, mstari wa 1 mpaka 11, Petro na wale samaki wengi. Nikasema moyoni hii naijua tangu katekesimu, tena sisi ndo maisha yetu. Nikasoma nikarudi kwake nikamwambia inafundisha utii. Akasema ni kweli, rudi usome tena. Nikasoma nikarudi, nikasema inafundisha imani. Rudi usome. Mara ya tatu nikawa na hasira kidogo, nikamwambia Sista basi wewe niambie. Akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalitembeza kichwani. "Petro amekesha usiku kucha hajapata kitu. Mbona hakusema mimi ni mwenye dhambi wakati nyavu ziko tupu?"

Jamani. Mimi nawajua wavuvi. Mtumbwi ukirudi mtupu asubuhi hakuna anayesema mimi mkosefu. Wanalaumu upepo, wanalaumu taa, wanalaumu mwenye chombo, wengine wanasema wamerogwa. Petro alisema "Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana" pale nyavu zilipojaa mpaka zinataka kukatika. Alijijua alipoona wema ambao hakuustahili umemwagwa ndani ya chombo chake mwenyewe. Na Yesu hakuondoka. Hakumwambia pia kwamba si kweli, wewe ni mtu mzuri. Alimwambia usiogope, akampa kazi.

Mimi miaka yote nilikuwa nafanya kinyume, najichimba kwenye ubaya ili nimfikie Mungu. Sista akasema anza na samaki. Anza na alichokupa leo, kitu kimoja kimoja, taratibu, ubaya wako utauona wenyewe hukohuko wala hutahitaji kuutafuta.

Akanifundisha utafiti wa dhamiri kwa utaratibu wa Mt. Ignasi wa Loyola, yule mwanzilishi wa Wajesuiti. Wengi tunaujua utafiti wa dhamiri wa kwenda kuungama, kupitia amri kumi. Huu ni wa kila siku na unaanza na shukrani. Unakaa, unashukuru kwa vitu vya siku hiyo kwa majina yake, unaomba mwanga wa Roho Mtakatifu ili uone anavyoona yeye, unapitia siku toka asubuhi, unaomba msamaha pale palipo na kosa, unaangalia kesho utafanya nini kwa neema yake. Robo saa inatosha. Hapo kwenye kuomba mwanga msiparuke, maana bila hapo unajikagua kwa macho yako mwenyewe na macho yetu yana upendeleo, au yana ukatili, moja kati ya hayo mawili.

Sasa hapa ndo pagumu. Jioni moja hukohuko mafungoni nikaanza kushukuru. Nikashukuru kwa mzigo mmoja mkubwa wa mvua za masika zilizopita, mzigo ambao ungeharibika ningekuwa nimekwisha, maana dagaa ikilowa na jua lisipotoka inaoza, ukibahatika unaiuza kwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ule mzigo ulipona. Nikawa nashukuru Bwana uliniokolea mzigo. Halafu kikanijia nani aliufunika.

Ni binti mmoja aliyekuwa ananianikia. Wingu lilitokea upande wa ziwa ghafla, mimi nilikuwa kwenye kivuli napiga hesabu na dereva, yeye akakimbia peke yake na turubai, upepo unamnyang'anya, akalala juu ya lile turubai kwa kifua ili lisipeperuke mpaka wenzake wakaja na mawe. Upande mmoja mdogo wa dagaa ukalowa, kama beseni mbili hivi. Na mimi nilipofika sikuona lile turubai wala nguo zake zilizojaa mchanga na matope, niliona zile beseni mbili. Nilimfokea mbele ya watu. Nilimwambia maneno ambayo naona aibu kuyaandika ila ntaandika moja, nilimwambia ndo maana hata mwanaume hakai kwako. Alikuwa ameachwa na mtoto mdogo, mwalo mzima wanajua. Hakunijibu. Alikung'uta mchanga kwenye kanga yake akaendelea kugeuza dagaa. Na jioni ileile nikaenda kuongoza sala, na nikaomba vizuri sana, watu walilia.

Na yeye alikuwa wa jumuiya yetu. Aliacha kuja kipindi kilekile, na nilikuwa namwombea hadharani kwamba Bwana mrudishe dada yetu aliyepoa.

Nililia mafungoni mpaka Sista akaniletea maji. Mt. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania aliyezaliwa 1515, yule ambaye Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, (msimchanganye na Teresa wa Mtoto Yesu ambaye ni Mfaransa) anatumia mfano wa maji kwenye glasi, ukiyaangalia kivulini unaona safi kabisa, jua likiyapiga ndo unaona vumbi limejaa ndani. Sisi wa kanda ya ziwa huo mfano hatuhitaji kuelezwa. Vumbi lilikuwepo siku zote, lililoongezeka ni mwanga.

Nilidhani hapo nimefika. Kumbe shimo la pili ndo lilikuwa linaanza.

Nilirudi nyumbani nikaanza kujichimba. Kila siku naona kosa jipya, na la zamani narudia. Nikaungama la yule binti, nikaondolewa dhambi, baada ya siku chache nikarudi kuungama lilelile nikidhani sikulieleza vizuri, halafu tena. Nikaacha kukomunika, yaani kupokea Ekaristi. Pale padre anapoinua hostia tunasema Ee Bwana sistahili uingie kwangu, mimi naishia hapohapo kwenye sistahili, ile nusu ya pili, lakini sema neno tu na roho yangu itapona, haitoki. Nikajiuzulu kuongoza sala nikasema sifai. Usingizi ukaisha. Watu wakasema mama sasa amenyenyekea kweli, na mimi ndani nilikuwa nakaribia kuvunjika.

Padre wangu wa kitubio, yule anayeniungamisha, ndo alinisimamisha. Akasema, "Mama, dhambi hii Mungu ameshaiondoa, sasa wewe unamrudisha mahakamani. Unamwangalia nani ukisali?" Nikafikiria nikasema najiangalia mimi. Akasema ulikuwa unajiangalia unajiona mzuri, sasa unajiangalia unajiona mbaya, ila bado macho yako yako palepale. Halafu akauliza kitu ambacho kiliniumbua, "Yule binti umeshamwendea?"

Sikuwa nimemwendea. Wapendwa niliungama mara zote hizo, nikalia, nikajiuzulu, nikakosa usingizi, na sikuwahi kufika pale alipo yule mtu.

Huyohuyo Mt. Teresa ameeleza alivyopitia unyenyekevu wa uongo, ukamjaza giza na fujo na kukata tamaa, na akasema unyenyekevu wa kweli hata ukiuma hauvurugi roho, unakuja na utulivu na mwanga. Mimi naongezea nilichokiona kwa macho yangu. Mwanga wa Mungu unaonyesha kitu kimoja, chenye jina na mahali, na unakuonyesha na mlango wa kutokea, nenda kwa fulani, rudisha hela ya fulani, nyamaza kesho. Ile sauti nyingine inasema kwa jumla tu, wewe hufai, wewe ni mnafiki, yote uliyosali ni bure, na haikupi cha kufanya. Ukisikia ya jumla isiyo na mlango usikae nayo kubishana, mwambie mlezi wako wa kiroho siku hiyohiyo. Na kama usingizi na chakula vimegoma wiki zinapita, nenda hospitali pia, sio upungufu wa imani, kuna ugonjwa wa mawazo na unatibika.

Nilimwendea. Nilichagua asubuhi wakati watu wamejaa mwaloni, kwasababu nilimwaibisha mbele za watu. Ushauri wangu hapa, usipeleke maelezo. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu na stori ya mafungo, Padre akanikataza akasema utamfanya akufariji wewe. Nikasema tu, siku ile ya mvua uliniokolea mzigo na mimi nikakutukana, nilikosa, naomba unisamehe. Akaniangalia, akasema "Haya mama, yameisha", akaendelea kuanika. Hakulia, hakunikumbatia. Kwenye jumuiya hajarudi mpaka leo, anasali sehemu nyingine, na saivi anaanikia mtu mwingine. Nilimlipa siku zile ambazo nilimkata malipo kwa ajili ya zile beseni, alipokea akahesabu akafunga kwenye kanga. Nilitamani zaidi ya hapo, nakiri, ila Padre alisema msamaha ukiuomba ili ujisikie vizuri bado umejiombea mwenyewe.

Kingine kilichonichukua muda kukielewa ni hiki cha vipaji. Jumuiya waliniomba nirudi kuongoza, nikasema mimi siwezi. Sista aliposikia akaniuliza huwezi kweli? Nikasema kuweza naweza ila najinyenyekesha. Akasema huo ni uongo, na Mungu hakai kwenye uongo hata kama ni wa heshima. Mama Maria alisema mwenyewe kwamba vizazi vyote vitamwita mbarikiwa, hakuona haya, maana alijua imetoka kwa nani. Mt. Paulo anawauliza Wakorinto, "nawe una nini usichokipokea?" Ukijua umepokea unaweza kukitumia bila kukificha na bila kukiringia. Nikarudi, ila kwa zamu na wengine, na kusema ukweli mwenzangu akiomba vizuri kuliko mimi bado kuna kitu kinanichoma hapa. Zamani ningekikataa. Saivi jioni nakitaja kwa jina lake kwenye ile robo saa, namshukuru Mungu kwa sauti ya yule dada, nalala. Zaburi ya 131 imenisaidia sana hapo, ina mistari mitatu tu, ile ya "Bwana, moyo wangu hauna kiburi". Ninaisema kama ombi maana bado haijawa kweli kwangu.

Yule mzee wa sala ndefu naye nilimwendea. Yeye alicheka akasema hakujua hata kama nilikasirika, akanipa samaki sato wawili.

Mnaotaka kwenda mafungo, anzeni kwa paroko wenu au masista walio karibu, wanajua nyumba zinazopokea na tarehe. Kuna mchango wa chakula na malazi, ulizia mapema na kama huna sema tu huna, mimi mara ya kwanza sehemu ya mchango nililipa kwa dagaa. Beba Biblia, daftari, shuka, dawa zako kama unatumia. Mwambie mume au mke wako kabla, mpe namba ya mapokezi, usimwachie watoto na biashara kwa kushtukiza. Na kama ni mara yako ya kwanza usichukue siku nyingi, mbili au tatu zinatosha, halafu hakikisha ukirudi kuna mtu mmoja wa kuongea naye kila mwezi, padre au sista au mlei mwenye uzoefu, kwasababu mimi lile shimo la pili niliingia kwa kukosa mtu wa kumwambia wiki zile za mwanzo.